Bolti mbili za chini

Jumapili usiku. Mikono bado inanuka mafuta ya taa, na nimeisugua kwa sabuni ya unga mara tatu. Nimekaa barazani, upepo unakuja moja kwa moja kutoka baharini, ukilamba midomo unaonja chumvi. Chumvi hiyohiyo nimeshindana nayo siku mbili.

Gari ni Hilux ya dizeli ya mjomba wangu, ile inayobeba samaki kutoka mwalo wa Deep Sea hapa Tanga kwenda Muheza na Korogwe. Gia ya tatu ilianza kwa kukwaruza kila ukiiingiza. Baadaye ikawa inachomoka yenyewe ukiachia mafuta. Ikifikia hapo hakuna la kufanya ila kushusha giaboksi, kuifungua na kubadilisha ringi ya shaba ya gia hiyo pamoja na meno yaliyolika. Kwa gari la bara, lililozoea vumbi, kushusha ni kazi ya asubuhi moja. Hili kila safari barafu inayeyuka kwenye masanduku ya samaki, maji ya chumvi yanapenya kwenye matundu ya bodi na kudondokea propela, yaani shafti ya kupeleka nguvu magurudumuni, krosimemba, chuma cha kukatisha kinachobeba giaboksi, na kila nati iliyo njiani.

Jana alfajiri nililipandisha kwenye stendi. Kabla ya kugusa kitu kingine nilijaribu bolti ya kujazia oili, ile ya ubavuni. Mjomba alinifundisha hivyo tangu nikiwa mdogo: hakikisha unapojazia panafunguka, ndipo umwage. Ukishamwaga halafu ya kujazia ikagoma, gari limefia hapohapo. Nashangaa mafundi wangapi hawalijali jambo hili. Ilifunguka kwa spana ya 24, kwa manung'uniko, lakini ilifunguka.

Nati nne za propela zilinichukua saa mbili. Watu huona kutu kama uchafu tu, wakadhani nguvu inatosha. Chuma kikiliwa na kutu kinavimba. Ile kutu inataka nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichokuwepo. Sasa ndani ya uzi wa bolti nafasi hiyo itoke wapi? Inajibana, inageuka kabari. Kwa hiyo kwanza unapiga brashi ya waya, unapaka mafuta ya kupenya, unagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi, ili ufa upatikane na mafuta yaingie. Unasubiri. Ukirudi, unakaza kidogo kabla ya kulegeza. Na soketi iwe ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inashika ncha tu, na ncha za bolti yenye kutu zinamong'onyoka kama kashata.

Stata ikatoka. Krosimemba ikatoka, ingawa bolti yake moja niliikata kwa msumeno. Nikafika kwenye bolti zinazoshika giaboksi kwenye injini. Za juu ndizo nilizokuwa naziogopa, kwa sababu huzioni, unapapasa tu kwa mkono juu ya giaboksi. Ya kwanza nikaivuta, ikaja. Nikaitazama kwenye mwanga: uzi mzima una grisi nyeusi, bado laini, na chini yake chuma kinang'aa. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

Za chini mbili zilikuwa habari nyingine. Kichwa chekundu kwa kutu, na kuzunguka kichwa unga mweupe umeganda kama chokaa, maana nyumba ya giaboksi ni ya alumini, na alumini ikishikana na chuma kwenye maji ya chumvi inaanza kuliwa. Nikiwa nimelala chali na tochi mdomoni ndipo nikakumbuka nani alizifunga.

Ilikuwa mwaka 2015, tulipobadilisha klachi ya gari hilihili. Mjomba alifunga za juu, akanipa mimi hizi mbili kwa sababu ni rahisi kuzifikia, na kopo la grisi akanisogezea kwa mguu. Mimi nilikuwa nakimbilia mpira uwanja wa Mkwakwani. Nikazifunga kavu, nikakaza, nikanawa.

Ya kushoto nililainisha tangu jana mchana hadi leo asubuhi, ikakubali. Ya kulia nikaivalisha soketi, nikatia bomba kwenye mpini. Ikaanza kuzunguka, laini, kama mwiko ndani ya uji. Ulaini ule naujua. Bolti inayolegea hulia, inakupa mlio mkavu. Isiyolia na inazunguka, chuma chenyewe kinajisokota. Nilitakiwa kuacha pale. Nikaongeza kidogo, ikakatika.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mwarobaini. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni vizuri siku hizi, lakini mlio ule haumpiti.

"Ya kulia?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ya chini?"

"Ya chini. Hizi nilizifunga mimi ile mara ya klachi. Sikuzipaka grisi."

Akanyamaza kidogo. "Najua. Kopo lilirudi limejaa vilevile. Na mimi sikurudi kuzikagua." Halafu akasema, "Toka huko uvunguni, mpwa wangu. Tunywe chai kwanza."

Tukanywa. Nilishindwa kumtazama.

Baada ya chai ilibaki kuitenganisha giaboksi na injini, nayo haikutaka. Kuna pini mbili za chuma zinazoiweka sawasawa, na zenyewe zilikuwa zimegandiana na alumini, pamoja na ule mwili wa bolti iliyokatika. Hapa ndipo watu huchomeka bisibisi kubwa na kupekenyua, wakaharibu uso wa alumini. Mimi nilichukua gesi, nikaweka gunia bichi kwenye mipira ya dizeli na ndoo ya mchanga kando, nikapasha moto alumini kuzunguka pini. Kwa joto lilelile alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linapanuka na pini inabaki nyembamba ndani yake. Ila uwe mwangalifu, alumini haiwi nyekundu kukuonya. Inayeyuka ikiwa na rangi yake ileile. Nilikuwa nanyunyiza tone la maji kwa kidole. Likichemka na kuruka, inatosha. Kabari mbili za mti wa mwembe, nyundo ya mpira kushoto, kulia, kushoto. Ikaachia kwa unywele mmoja, kisha kwa kidole, nikaishusha na jeki, nikiilinganisha muda wote ili shafti isininginie kwenye sahani ya klachi.

Kipande cha bolti kikabaki kimechomoza kwenye bloku ya injini. Plaisi ya kubana ilikimenya tu. Nikachomoa betri, jirani wa karakana akaja na mashine, akavalisha nati na kuichomelea juu yake. Wekundu ulipofifia nikagusisha mshumaa kwenye shina. Nta ikayeyuka, ikanywewa ndani ya uzi kama maji kwenye mchanga. Robo mzunguko mbele, robo nyuma. Mbele, nyuma. Kisha ikalia, ule mlio mkavu niliokuwa nausubiri tangu asubuhi, na mjomba kule kwenye benchi akasema "Haya!" kabla sijasema mimi.

Bolti mpya nimezipanga kwenye sinia. Zitapakwa grisi kiasi, na nitazikaza kwa mkono mwepesi kuliko nilivyozoea, kwa sababu bolti iliyolainishwa huvutika zaidi kwa nguvu ileile. Kesho nafungua giaboksi yenyewe.

Ile iliyokatika nimekuja nayo nyumbani, iko dirishani na nati yake. Niliisugua mchana kwa brashi hadi ikawa nyeupe. Nimeiangalia sasa hivi kwa tochi: pale ilipochomelewa imeshatoa kutu mbichi, nyembamba, rangi ya chungwa.