Bati hazinunuliwi kwa mwezi

Jana nilikuwa Kibaha kwa dada. Nyumba yake imekwisha zamani, vyumba vitatu na baraza, na miembe miwili aliyoipanda siku ya kumwaga msingi sasa ina kivuli. Kila nikikaa kwenye lile baraza naikumbuka simu yake ya Desemba 2018, na bado naona haya.

Wakati ule nilikuwa nimeshapitisha miaka zaidi ya 20 nikifundisha na kutafiti fedha za umma. Nilianza na deni la nje. Mwanafunzi wa uchumi wa miaka ya 90 angeandika nini kingine? Novemba 2001 Tanzania ikakamilisha masharti ya mpango wa msamaha kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, na utafiti wangu ukachacha mikononi mwangu. Nikahamia kwenye kodi, nikazunguka Kariakoo kuwahoji wenye maduka kuhusu mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, nikanyweshwa soda nyingi na kuambiwa ukweli kidogo. Baadaye pensheni. Mafaili matatu, kabati tatu, na sikuona sababu ya kuyachanganya.

Pensheni ndiyo iliyonipa jina chuoni. Niliandika nikitetea mkupuo mdogo, yaani fedha anazopewa mstaafu kwa mara moja, na malipo makubwa ya kila mwezi: mstaafu akishika mamilioni siku moja, ndugu, marafiki na biashara asiyoijua watayamaliza, ila ya mwezi atakula mpaka siku yake ifike. Hoja hiyo sijaitupa yote.

Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ikaunganishwa kuwa mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na kanuni zilizofuata zikaweka mkupuo wa asilimia 25. Dada, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa PSPF, ambako mstaafu alichukua nusu kwa mkupuo. Alibakiza mwaka mmoja.

"Mdogo wangu, wewe si ndiye msomi wa haya mambo? Nyumba niimalizie au niiache?"

Nikamweleza yote niliyoyaandika. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mtoto aliyesimama kusoma jibu ambalo mwalimu ameshaona limekosewa. Kisha akasema, "Sawa. Lakini bati hazinunuliwi kwa mwezi."

Usiku ule nikachukua karatasi. Mtumishi wa mshahara wa 1,500,000 kwa mwezi, miezi 360 kazini. Kikokotoo cha PSPF, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni: miezi hiyo igawanywe kwa 540, zidisha kwa mshahara wa mwaka, unapata pensheni ya mwaka, milioni 12. Zidisha kwa 15.5, chukua nusu: mkupuo milioni 93. Nusu nyingine ya zile milioni 12 hulipwa kwa miezi 12: 500,000 kila mwezi. Kikokotoo kipya: gawanya kwa 580, zidisha kwa 12.5, chukua robo. Mkupuo milioni 34.9, na robo tatu inayobaki ya pensheni ya mwaka ni kama 698,000 kila mwezi. Anapoteza milioni 58 leo ili aongezewe 198,000 kwa mwezi. Nikagawanya. Miezi 293. Mwalimu anayestaafu na miaka 60 angezirudisha fedha zake akiwa na miaka 84 na ushei, na hapo sijagusa mfumuko wa bei.

Hesabu ya darasa la sita, na katika makala zangu zote sikuwahi kuiandika hivyo. Nilikuwa na majedwali ya uendelevu wa mfuko. Mstaafu mwenyewe hakuwamo.

Kilichoniuma zaidi nilikitambua baadaye kidogo. Mimi mtu wa chuo nilikuwa PPF, ambako mkupuo ulikuwa robo tangu zamani. Nilishauri kwa ujasiri mageuzi ambayo mfukoni mwangu hayakutoa hata senti. Tarehe 28 Desemba Rais Magufuli aliagiza vikokotoo vya zamani viendelee, dada akastaafu 2019 na nusu yake. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha: 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu, 35 kwa sisi wa robo. Kwa hiyo walimu wenzake waliobaki kazini wameshuka, mimi nimepanda.

Tangu hapo mafaili yangu yamechanganyika. Kabla ya Julai 1999 watumishi kama dada hawakuchangia kitu. Hazina ndiyo iliyowalipa. Mfuko wa kuchangia ulipoanza, miaka yao ya nyuma iliendelea kuhesabiwa ingawa hakuna aliyeiwekea fedha. Mfuko ukawa unalipa na kuidai serikali. Desemba 2021 serikali ikaupa PSSSF hatifungani maalum isiyo taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa baadaye badala ya fedha mkononi, ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Hatifungani! Pensheni ya mwalimu wa 1985 imekuwa deni la Taifa, na litalipwa kwa kodi ya kijana anayeuza vocha leo. Niliwahi hata kutoa mhadhara wa pensheni Chuo Kikuu cha Dodoma, ndani ya majengo yaliyojengwa kwa mikopo ya mifuko hiyohiyo, na sikuligusia jambo hilo hata kwa utani.

Jana nilimweleza dada habari ya hatifungani. Aliielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wa shahada ya pili.

"Kwa hiyo mimi nalipwa na kodi za watu."

"Kwa sehemu, ndiyo." Nikatazama juu. "Hizi bati, ulidai risiti?"

Akacheka mpaka akashika nguzo. Muuzaji alimuuliza kama kawaida: na risiti au bila risiti? Bila risiti ilikuwa bei nyingine.

"Wewe ungechukua ipi?" akaniuliza.

Nikaomba chai.