Machubwi ya risasi: kalibu ya mbao, spoki ya baiskeli na adui anayeitwa unyevu

Jioni moja pale Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria huku Kisumu, nilipoteza machubwi matatu mfululizo, yaani vile vizito vya kuzamisha mshipi, na la mwisho liliondoka na ndoana yangu nzuri kuliko zote. Mshipi ulikuwa umenasa kwenye mizizi ya gugu maji, nikavuta, ukakatika. Nilirudi nyumbani Manyatta nikihesabu hela niliyoitupa ziwani mwezi ule, na kabla ya kulala nilikuwa nimeamua kwamba nitajitengenezea mwenyewe.

Mtu ataniuliza, mawe yameisha? Nimetumia mawe. Nimetumia pia plagi kuukuu za pikipiki, na kwenye miamba bado ninazitumia, kwa kuwa huko chochote utakachotupa utakiacha. Ila jiwe likiingia majini hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, wakati risasi, ile metali laini na nzito, haipotezi hata sehemu moja ya kumi. Jiwe lenye uzito sawa na chubwi ni kubwa mara nne hivi, kwa hiyo mkondo unalisukuma, chambo kinaelea pembeni, na mbuta (sangara) aliye chini hakioni. Anayevua kwa mshipi usiku anaelewa vizuri ninachosema.

Risasi niliipata kwa jamaa wa puncha huko Kondele. Zile metali ndogo wanazobandika kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke, zikitolewa hutupwa kwenye kopo. "Fundi, beba tu," aliniambia, "lakini uzichague, siku hizi nyingi si risasi." Alisema kweli. Nyingine ni za chuma, nyingine za zinki. Nilijifunza kuzitambua kwa sikio: ukiidondosha sakafuni, risasi inasema "du" na kunyamaza, zinki inalia kama sarafu. Ukiibana kwa koleo la kukatia waya, risasi inakubali meno kama sabuni ya mche, zinki inakataa. Ikikuponyoka moja usihangaike sana. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 na zinki karibu 420, na zinki ni nyepesi. Ukiuweka moto wa wastani, zinki itaelea juu pamoja na vile vibanio vya chuma, utaviopoa vyote kwa kijiko.

Betri ya gari sigusi. Nilishaambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba ndimo risasi ilimojaa, na ni kweli imo, lakini imo pamoja na asidi na unga wenye sumu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Siwezi kuleta kitu cha namna hiyo kwenye uwanja wanaochezea watoto wangu.

Kalibu, yaani umbo la kumiminia risasi, ndiyo iliyonisumbua. Mimi ni fundi wa baiskeli, spoki kuukuu ninazo tele, na spoki ina unene wa milimita mbili, ndio hasa upana wa tundu la kupitisha mshipi. Nilichukua vipande viwili vya mbao ngumu kwa maseremala wa Kibuye, nikavibana pamoja, nikatoboa kwa keekee ya milimita 12 katikati ya mstari vinapokutania, kina cha sentimita nne. Ukivifungua, kila kipande kina nusu ya shimo. Chini kabisa nilitoboa kijitundu cha kusimamishia spoki. Shimo la kipimo hicho linatoa chubwi la gramu 50 karibu sawasawa, kilo moja machubwi ishirini. Spoki naipitisha kwanza juu ya moshi wa koroboi mpaka iwe nyeusi tii. Bila masizi, risasi inaing'ang'ania na hutaichomoa.

Mara ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mara ya pili ilikuwa mwezi wa Mei, mvua za masika zimekolea, na kalibu ilikuwa imelala usiku kucha chini ya upenu. Niliipapasa, nikaiona kavu. Nilipomimina upawa wa kwanza ilitoa sauti kama mafuta ya chapati yaliyodondokewa na maji, "chwaaa", kisha risasi ikaruka kutoka shimoni hadi juu ya kichwa changu. Tone moja lilinitua shingoni. Jingine liliingia ndani ya gambuti, nikalivua nikirukaruka kwa mguu mmoja. Kovu la shingoni ninalo hadi leo, na lile tone lingeweza kutua jichoni.

Kilichotokea si uchawi. Maji yakigeuka mvuke yanahitaji nafasi mara 1,700 hivi ya ile yaliyokuwa nayo. Tone lililojificha ndani ya mbao halina pa kwenda, linaisukuma risasi itoke. Tangu siku ile kalibu naianika juani, halafu naiweka kando ya jiko la makaa kwa saa nzima, kisha nashika kipande cha kioo baridi juu ya mdomo wake. Kioo kikipata ukungu, bado haijakauka. Risasi nayo naitia yote chunguni kabla ya kuwasha moto. Kutupia kipande chenye unyevu ndani ya iliyokwisha yeyuka ni kuurudia msiba uleule. Mvua ikitishia tu, naahirisha. Na sasa navaa miwani, glavu za ngozi na shati la mikono mirefu.

Chungu changu ni cha chuma, kizito, na hakitaingia jikoni tena maisha yake yote. Nayeyushia nje, upepo ukija mgongoni. Risasi ikishayeyuka, natia kipande cha mshumaa, nakoroga. Uchafu unapanda juu kama majivu, nauopoa, na chini yake kunabaki uso unaong'aa kama kioo. Uso huo ukianza kuvaa rangi ya dhahabu na buluu, moto umezidi, naondoa makaa. Machubwi matatu manne ya kwanza hutoka na vishimo kwa kuwa mbao inafuka moshi, nayarudisha chunguni. Kuanzia la tano yanatoka laini, nachomoa spoki kwa koleo yangali na joto. Kilo tatu za Kondele zilinipa machubwi 46.

Mama watoto alinipa masharti yake kabla hata sijawasha jiko: watoto wapelekwe kwa shangazi yao, na nguo za kazi hiyo zisichanganywe na nguo zao. Nilikubali bila kubisha. Yale majivu yanayoopolewa ndiyo sumu yenyewe, kwa hiyo nayafungia kwenye kopo lenye mfuniko. Nanawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kula. Na naomba sana, wale wenzangu wa boti wanaobana risasi kwenye mshipi kwa meno, waache. Uingereza ilikataza risasi ndogondogo za uvuvi tangu 1987 kwa sababu ndege wa majini walikuwa wakizimeza na kufa, na sisi tuna tumbo kama wao.

Machubwi madogo kama hayo siyatengenezi kabisa. Ya gramu 50 nayatumia kwenye tope peke yake, mbali na miamba na gugu, ili yarudi. Jumamosi iliyopita nilivua na lile nililolikwaruza alama ya msalaba. Lilipanda limejaa tope, mbuta akiwa juu yake. Huu ni mwezi wa tatu wa chubwi hilo.