Kufuli halikumtoa, mjomba wake ndiye aliyemtoa

Miezi minane niliishi nyumba moja na mwanaume tuliyekwisha kuachana. Yeye chumba cha nyuma, mimi na binti yangu vyumba vya mbele, sebule haina mwenyewe. Nyumba ni yangu, ipo Mikindani, Mtwara, na niliijenga kabla sijamjua. Aliondoka mwishoni mwa Septemba 2024, mchana kweupe, vitu vyake juu ya guta, akaniaga na mimi nikamuaga. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelala rumande, hakuna tofali langu lililogawanywa. Najivunia hilo. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa mbovu mno, nikiukumbuka damu bado inanichemka.

Nianze na nyumba. Mama alituachia mikorosho Nanguruwe, na kwetu Wamakonde shamba la mama hufuata watoto wa mama, hivyo halikuwa na mjadala. Kiwanja nilinunua 2016 kwa pesa ya samaki wa kukaanga na mgao wa kikoba. Msimu wa 2017 bei ya korosho mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na kila mwenye mikorosho Mtwara na Lindi anaukumbuka mwaka ule. Wengi walinunua pikipiki. Mimi nilinunua saruji. Nikapandisha vyumba vitatu na sebule, nikaezeka vya mbele, cha nyuma kikabaki kuta tupu.

Mwenzangu ni dereva wa fuso, mtu wa Newala. Tulianza kukaa pamoja mwishoni mwa 2020, bila ndoa ya msikitini wala ya bomani. Januari 2024 tukaachana. Sababu zinatuhusu sisi wawili, ila mwenyewe alikubali kwamba yamekwisha. Nikamwambia basi tafuta pa kwenda, akasema sawa. Februari ikaisha yupo palepale, anaingia na kutoka, anakoga, anafua, anasalimia majirani kama kawaida.

Hapo ndipo washauri walipoanza kumiminika. Mmoja akaniambia kuna mtu Mtawanya anajua dawa ya kumfanya mwanaume aichukie nyumba. Mwingine, msomi kabisa, akanihakikishia kwamba ukikaa na mwanaume miezi sita tayari ni mumeo kisheria na nusu ya nyumba ni yake, kwa hiyo nivumilie tu. Sikulala siku mbili kwa neno lile. Wa tatu, rafiki yangu wa sokoni, akanishauri niende polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, nikaseme nimepigwa, eti watamchukua siku hiyohiyo. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Yule bwana hakuwahi kuninyanyulia mkono hata siku moja. Dawati lile lipo kwa ajili ya wanaopigwa kweli, na kila anayekwenda pale na uongo anamharibia atakayekuja kesho na jicho limevimba. Kama wewe unapigwa, usifuate njia yangu hata hatua moja. Nenda Dawati leo, ondoka na watoto, nyumba haikimbii.

Niliyemsikiliza ni jirani. Alisema kwa uhakika mkubwa, "Dada, kiwanja chako, jina lako. Toa virago vyake nje, badilisha kitasa, umemaliza." Nikaona huyu ndiye mwenye akili.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi Machi, yeye amepeleka mzigo Masasi. Nikamwita fundi, kitasa kikabadilishwa, na juu yake nikaongeza kufuli kubwa. Vitu vyake nikavitoa kimoja kimoja nikavipanga barazani: godoro, sanduku la nguo, redio, viatu jozi tatu, mfuko wa nailoni wenye karatasi. Nilivifunika turubai kwa uangalifu, maana sikuwa na nia ya kumharibia. Nikakaa ndani nikijiona nimeshinda.

Saa moja usiku mvua ikashuka, ile ya masika ya huku kwetu inayokuja na upepo kutoka baharini. Turubai likaruka hata sikusikia. Fuso ilisimama saa nne. Nilimtazama dirishani. Hakupiga kelele, na laiti angepiga ningejua la kufanya. Aliwasha tochi akamulika kitu kimoja baada ya kingine, godoro limenywa maji, redio imelowa. Akafika kwenye ule mfuko. Ndani mlikuwa na leseni yake ya udereva, kitambulisho cha taifa, na picha ya marehemu mama yake, ile ya karatasi ya zamani. Picha ilikuwa imegandana na karatasi nyingine. Akakaa kwenye ngazi ameishika mkononi, mvua inampiga, muda mrefu sana. Binti yangu akaniuliza, "Mama, tumfungulie?" Sikumjibu, na hilo naliona aibu hadi leo.

Akaondoka, akarudi na balozi wa nyumba kumi, mzee wa watu amelowa kanzu nzima. Balozi akabisha, "Mwanangu, fungua mlango." Nikafungua. Nani asingefungua?

Asubuhi tulikuwa kituoni wote watatu. Askari aliyetusikiliza alikuwa mtaratibu. Akanieleza kwamba nani akae wapi ni shauri la madai, polisi hawaingii kumtoa mtu bila amri ya mahakama. Ila kumharibia mtu vitu vyake ni jinai, na bwana akitaka kufungua kesi mshtakiwa nitakuwa mimi. Nikalipa godoro na redio palepale, kama laki moja na nusu hivi, tukarudi nyumbani kwa bajaji moja. Akapewa ufunguo wa kitasa kipya, kitasa nilichokinunua mimi. Tangu siku hiyo kila nikimwambia aondoke ananijibu neno moja: "Ulishanitoa kwenye mvua ikashindikana." Jirani aliyenishauri hakuja hata kunipa pole. Nilipoteza karibu miezi minne kwa ushauri wake.

Kilichonifungua macho ni msaidizi wa kisheria, dada mmoja aliyekuja kwenye mkutano wa mtaa. Wapo wilaya zote, na huduma yao ni bure. Hakuanza kwa kunionea huruma, alianza kwa maswali. Mmeanza lini kukaa pamoja? Watu wanawajua kama nani? Alileta nini?

Akaniambia habari ya miezi sita haipo popote. Kilichomo kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, ni miaka miwili au zaidi, na hata hapo inakuwa dhana tu: kwamba wawili hao walioishi pamoja na kujulikana kwa watu kama mke na mume wanadhaniwa ni wanandoa, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Sisi tulikuwa tumepitisha mitatu. Kwa hiyo akienda mahakamani asingefukuzwa mlangoni, angesikilizwa. Moyo ukaniruka. Lakini akaendelea: mali inayogawanywa ni ile iliyochumwa pamoja. Nyumba niliyoijenga kabla yake inabaki yangu, isipokuwa kama yeye ameiendeleza kwa kiasi kikubwa. "Sasa niambie kweli, dada, amefanya nini kwenye nyumba hii?"

Nikamwambia kweli. Chumba cha nyuma alikiezeka yeye. Bati ishirini, mbao, misumari, fundi. Na milango miwili.

"Basi hicho ndicho cha kuzungumza," akasema. Wenzangu mnaofikiri mkificha mchango wa mtu ndiyo mmejilinda, mnajichimbia shimo. Na wenye vyeti vya ndoa wajue mambo yao ni marefu zaidi, yanaanzia baraza la usuluhishi ndipo mahakamani, na hata talaka ya mdomo inahitaji kupitishwa na mahakama ndipo sheria iitambue.

Nilipomsimulia mama mdogo, akaniuliza jambo ambalo katika washauri wote hakuna aliyeliuliza. "Wajomba zake umewaambia?" Sikuwa nimewaambia. Mama mdogo akashangaa. Zamani kwetu mwanaume akioa alihamia kwa mkewe, na mambo yakiharibika haikuwa kazi ya mke kumsukuma mlangoni. Wajomba zake ndio waliokuja kumchukua mtoto wao.

Nikapanda gari la Newala. Hadi Mnivata ilikuwa lami, baada ya hapo tulikula vumbi. Nilibeba sukari, mchele kidogo na kanga ya mke wa mjomba. Mjomba wake tulikutana mara moja tu, 2022, alipokuja Mtwara kutibiwa akalala kwangu siku tano. Nikamkuta anasuka ukili. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, karibu." Hakuniuliza kilichonileta. Newala maji ni ya taabu miaka yote, watu wanahesabu madumu, hivyo nilipowekewa ndoo nzima ya kuoga nilijua nimepokelewa.

Usiku baada ya kula ndipo akauliza, "Umekuja kumshtaki au kumrudisha?"

"Kumrudisha, mjomba. Sina kesi naye. Ila nyumbani kwangu muda wake umekwisha na mimi peke yangu sijaweza kumwambia akasikia."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Ulinilaza siku tano nikiwa mgonjwa. Nitakuja." Ningekuwa nimeleta mashtaka asingekuja, nina hakika. Ukienda kwa ndugu wa mtu kumsema vibaya, watamtetea, damu ni damu.

Baada ya wiki mbili akashuka na mdogo wake. Tukakutana ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti, mtendaji, balozi yuleyule wa kanzu, mama mdogo na msaidizi wa kisheria. Mwenzangu alikuja amejiandaa. Akaanza kwamba ameijenga nyumba ile, kwamba mimi nilikuwa na kuta tu.

Nikafungua kopo langu la biskuti. Hati ya mauziano ya kiwanja, 2016, ina saini za mashahidi na muhuri wa ofisi ileile tuliyokaa. Risiti za saruji za 2017, nyingine zimefifia. Na kabla hajasema tena, nikatoa karatasi nyingine niliyoiandika usiku wa kuamkia siku ile, nikaisoma kwa sauti. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Ilikuwa orodha ya kila alichotia yeye: bati ishirini, mbao, misumari ya bati na ya kawaida, siku nne za fundi na msaidizi wake, milango miwili, vitasa viwili, na rangi ya chumba kile. Vitasa na rangi mwenyewe alikuwa amevisahau. Nilikuwa nimemwita fundi yuleyule aliyeezeka akanipa bei, ikafika kama laki nane na kitu. Nikasema, "Hiki ni chake. Nitamlipa chote."

Ofisi ikawa kimya. Alikuja kupigania nusu ya nyumba, na sasa hakuwa na wa kupigana naye. Mjomba akamgeukia. "Kuna kitu hajakitaja?" Akatafakari. "Hakuna." "Mnataka kurudiana?" "Hapana." "Basi unabaki pale kufanya nini, baba?"

Hakujibu. Akainamisha kichwa, na nilimwona amechoka kuliko nilivyodhani.

Nikaweka ufunguo mezani. Chumba Magomeni ya hapa Mtwara mjini, nimekilipia miezi mitatu, elfu thelathini kwa mwezi nadhani, kipo karibu na wanapoegesha mafuso. Wapo walionicheka kwa hili, eti nimempangia mwanaume. Lakini wote waliomwambia aondoke, mimi nikiwa wa kwanza, hakuna aliyewahi kumwonyesha anakokwenda. Na nilichagua Septemba kwa makusudi. Oktoba minada ikianza, wachuuzi, wapagazi na madereva wanajaa mjini, vyumba vinapanda bei, na angepata sababu mpya ya kubaki hadi msimu uishe.

Makubaliano yakaandikwa palepale: tarehe ya kuondoka, laki nne siku ya kukabidhi ufunguo, zilizobaki nikishalipwa korosho zangu, na kwamba baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Tukasaini wote, mashahidi wakasaini, muhuri ukapigwa, nakala tatu. Moja alikwenda nayo mjomba Newala. Usikubali maneno matupu ya nitaondoka nikipata pesa. Tarehe iandikwe.

Siku yenyewe ilikuwa fupi. Tulibishana kidogo kuhusu feni, nikamwachia. Alipomaliza kupakia alimpa binti yangu elfu tano ya daftari. Guta lilipopotea kwenye kona nikamwita fundi wa vitasa, safari hii balozi akiwa amekaa barazani anatazama.

Mwezi Desemba, pesa ya mnada ilipoingia, nikampigia simu. Alikuja akasimama nje, nikamkaribisha akasema anaharakisha. Akahesabu, akasaini nyuma ya makubaliano. Binti yangu sasa analala chumba cha nyuma, chini ya zile bati ishirini, na karatasi ya makubaliano ipo kwenye kopo pamoja na risiti za saruji.