Mishale ya Mjomba

Jana pale Kilombero, Arusha, Noah moja ilisimama mbele yangu ikipiga kelele kama nguruwe, na harufu ya mkanda unaoteleza ikanijaa puani. Kondakta akaapa kwamba si gari lake, ni la mbele. Sikumjibu, kwa sababu kwa mawazo nilikuwa nimeshafika mlima wa Marangu, ndani ya ile Corolla, Mjomba kashika usukani.

Corolla hiyo ndiyo tuliyoing'oa kontroli boksi ya kiwandani, ile kompyuta inayoongoza injini, tukaweka MegaSquirt, mfumo wa Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, ambao unanunua vipande vyake na kuvilehemu mwenyewe mezani. Mafundi wa Unga Limited walicheka mpaka ilipowaka, halafu wakaja kuomba kuchungulia. Hayo yalishapita. Mimi nilikuwa nimeipania dashibodi.

Programu ya kuupangia mfumo huo, TunerStudio, inakuachia uwanja mtupu. Unabofya juu ya geji, yaani saa ya kipimo yenye mshale, unaamua kipimo kianzie wapi na kiishie wapi, mshale uanze pembe ipi na uzunguke nyuzi ngapi, rangi gani iwe ya tahadhari na ipi iwe ya hatari. Nilikesha na kazi hiyo. Nilijaza geji kioo kizima cha kompyuta, chini yake picha ya kaboni, tarakimu za buluu. Joto la maji likipita 100 geji inakuwa njano, likifika 108 nyekundu. Umeme ukishuka chini ya volti 12.5 njano, chini ya 12 nyekundu. Ilipendeza, na bado naamini ilipendeza.

Mjomba aliitazama kwa muda mrefu akiwa kakunja mikono.

"Sasa mwanangu, hapo mimi nasoma au naendesha?"

Nikamweleza habari za rangi. Akasikiliza kwa adabu zote, kisha akasema anachotaka ni kimoja: kila kilicho sawa mshale wake usimame wima. Kikianza kulala atakiona, namba nibaki nazo mimi. Watu wa magari ya mashindano wanalifahamu hilo miaka mingi. Walikuwa wanazungusha geji yenyewe ndani ya tundu lake mpaka mshale wa kawaida uelekee juu. Lakini Mjomba ameendesha malori maisha yake yote. Sijui alilitoa wapi.

Basi nikapanga upya. Joto nikaliweka kati ya 50 na 120, ili 85 ikae katikati kabisa. Volti kati ya 12 na 16, ili 14 isimame. Mshale wa mchanganyiko wa hewa na petroli nikamwambia ausahau, huo kazi yake ni kuhama: ukitembea taratibu injini inaridhika na sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, ukipanda mlima na mzigo inataka 12 na kitu. Na geji ya mgandamizo wa hewa alikuwa anailaumu kwamba ni mbovu, kwa sababu ukiwasha swichi tu kabla ya injini kuwaka, Arusha inasoma kama 86. Alitaka 100. Nikamwambia huku juu hewa ni nyepesi, akitaka 100 ahamie Tanga, usawa wa bahari.

Tukaondoka Desemba, kama kila Mchagga aliyebakiwa na nauli. Usa River, Bomang'ombe, Moshi, foleni ya magari yaliyotoka Dar. Hakuna cha kusimulia mpaka Himo, tulipokata kushoto.

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya migomba. Gia ya pili, kompyuta mapajani mwangu imemgeukia yeye, Mama nyuma na mfuko wa mchele miguuni. Mishale yote imesimama kama askari kwenye gwaride. Halafu ule wa volti ukaanza kwenda kushoto. Haukuanguka. Uliinama kidogo, ukarudi, ukainama zaidi. Nikasoma namba: 13.6. Kisha 13.3. Kisha 13.1. Hakuna njano wala nyekundu. Joto lilikuwa limefika 94, mshale wake umeegemea kulia kidogo tu.

"Huyu anasinzia," Mjomba akasema, akaanza kutafuta pembeni pa kusimama.

"Mjomba, bado iko ndani ya mipaka."

"Mipaka ya nani?"

Akasimamisha gari mbele ya genge la ndizi, akazima injini. Mama akauliza kutoka nyuma, "Kaka, tumefika?" Hakuna aliyemjibu. Nilibaki nimekodolea kioo ambacho hakikuwa na rangi hata moja ya kunitetea wala kunishtaki.

Boneti ilipofunguliwa, harufu ile. Bolti ya kukazia alteneta, ile inayozalisha umeme wa gari, ilikuwa imelegea na mkanda unang'aa kama kiatu kipya. Kwenye injini yetu mkanda huo huo ndio unaozungusha wota pampu, inayosukuma maji ya kupoza injini, kwa hiyo volti zilitangulia kusema jambo ambalo joto lingelisema baadaye, tena kwa mvuke. Spana namba 12, bisibisi kubwa ya kusukumia, tukabana, tukaendelea. Mishale ikasimama tena.

Kwa Mjomba hadithi ingeishia hapo, na kwa miaka kadhaa ndivyo alivyoisimulia kila penye mbege. Tatizo ni Mama. Tulipokuwa tunashusha mchele alisema, bila kumlenga mtu, "Ila huo mkanda si ulikuwa unalia tangu Himo? Mimi nilidhani mnausikia."

Nilimgeukia Mjomba. Alikuwa ameinama akihesabu mifuko. Nilipomuuliza kesho yake kama aliona mshale kwanza au alisikia mkanda kwanza, alisema dereva haulizwi hivyo.

Kompyuta ile sasa ina mafaili mawili ya dashibodi, la kwangu lenye rangi na la kwake. Tahadhari ya volti kwenye langu nimeipandisha hadi 13.4, na inanipigia kengele za bure kila nikiwasha taa na feni kwa pamoja kwenye foleni. Mwezi uliopita nilikwenda Moshi peke yangu nikafungua la kwake. Naomba asiambiwe.