Kumbukumbu ya mradi: "Imeshindikana kuunganisha" haitoshi tena

Hatimaye programu yangu ya kupokelea alizeti inamweleza karani wa ghala la Kibaigwa kwa nini haikuipata kanzidata iliyoko Dodoma mjini, badala ya kumtupia ujumbe uleule kwa kila tatizo.

Sehemu nyepesi ilikuwa kutenganisha kukataliwa na ukimya. Jibu la kukataa likirudi papo hapo, kwa kawaida mashine inafikika ila PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata hiyo, haisikilizi kwenye poti 5432, mlango wake wa mtandao. Kukiwa kimya, pakiti za data zinapotelea njiani au mashine imezimwa. Mfumo wa Linux ukiachwa ulivyo huweza kusubiri zaidi ya dakika 2, na malori yakiwa yamejipanga kwenye mizani hakuna karani atakayeuvumilia muda huo, kwa hiyo nimeweka kikomo cha sekunde 5.

Kilichonitesa ni hitilafu zinazotokea baada ya seva kujibu. Nywila mbovu ina msimbo wake, 28P01. Kanzidata isiyokuwapo ni 3D000. Seva iliyojaa miunganisho ni 53300. Seva ambayo bado haijamaliza kuwaka ni 57P03. Seva huituma misimbo hiyo bila kinyongo, lakini libpq, maktaba ya PostgreSQL ya kuunganishia, ambayo psycopg2 (maktaba ya lugha ya Python ninayoitumia) imejengwa juu yake, huumeza msimbo wakati wa kuunganisha na kuniachia sentensi tupu. Kuichambua sentensi ni kujenga juu ya mchanga, kwa sababu maneno yake hufuata lugha iliyowekwa kwenye seva, na toleo la 14 liliubadilisha hata muundo wake.

Ufumbuzi umetoka kwa pg8000, maktaba iliyoandikwa kwa Python tupu, ambayo inazungumza na seva bila kupitia libpq na kuuhifadhi msimbo. Kwa kazi za kila siku bado naipendelea psycopg2. Pg8000 naiita pale tu muunganisho unapogoma, ijaribu upya na kuniletea msimbo. Sasa karani anasoma "Seva inawaka, subiri kidogo" au "Seva haijibu, angalia kwanza kama modemu ina bando." Kwa 28P01 nimeandika "Jina au nywila si sahihi", kwa kuwa PostgreSQL hutoa jibu hilohilo hata kama jina halipo, nayo hufanya hivyo kwa makusudi ili mdukuzi asiyajue majina yaliyopo.

Nilipanga kufuatisha kitufe cha kujaribu tena, lakini nimekiweka kando: seva ikiwa kimya, afadhali vipimo vya mizani viingie kwanza kwenye SQLite, kanzidata ndogo ya palepale ghalani, kisha vipandishwe mtandao ukirudi. Jedwali la foleni tayari ninalo; kinachonisumbua sasa ni namba za stakabadhi, ambazo mpaka leo hutolewa na seva.