Nuru ya Macho Yangu Nayo
Zaburi 38:9–11

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Dada yetu mmoja wa jumuiya alitibiwa saratani ya titi, akapata nafuu hata akarudi kwaya. Mwaka huu mistari ya kitabu cha nyimbo ikaanza kumpinda machoni. Akasema ni uzee, akanunua miwani kwa machinga. Baadaye vikaja vimulimuli pembeni mwa jicho la kushoto, kisha kivuli kama pazia. Daktari wa macho akamtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia, ndipo akauliza: "Mama, umewahi kuugua saratani?" Hakuwa amesema. Titi na jicho, wapi na wapi?

Kumbe vinakutana kwenye damu. Nyuma ya jicho lipo tabaka lililojaa mishipa midogo, na chembe za saratani zikisafiri na damu huweza kunasa hapo. Za titi na za mapafu ndizo zinazofika huko zaidi. Basi wewe uliyewahi kutibiwa saratani, ukiona ukungu, vimulimuli au kivuli, usiishie kwenye miwani. Nenda hospitali, na historia yako uitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Matibabu yapo, mionzi na dawa, na yakiwahi huweza kuokoa uwezo wa kuona.

Wiki hii nimekaa na Zaburi ya 38 kwa ajili yake. Daudi analia kwamba nguvu zimemwacha, na nuru ya macho yake nayo imemwondoka. Najua wapo watakaokimbilia aya ya 3, anapotaja dhambi yake, wapate cha kunong'ona. Daudi alijisemea mwenyewe, jamani. Hakumsemea jirani.

Mimi iliyonichoma ni aya ya 11, inayofuata macho papo hapo: rafiki zake wamesimama mbali na pigo lake. Nilikuwa namsomea kwa sauti, maana jicho moja likipinda mistari, lile lingine nalo huchoka upesi. Nilipofika hapo nikasitasita. Akacheka kidogo: "Hiyo usiiruke." Tulikuwa hatujakanyaga kwake tangu Pasaka, nami nikiwemo.

Alhamisi jumuiya inasali kwake, saa 10 jioni. Ukipiga hodi taja jina lako, na ukae upande wake wa kulia. Jumatatu anaanza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Tunatafuta wa kumsindikiza, nauli ipo.