Wigo wa mhina na Kisiwa cha Misali

Hatimaye mabati ya nyumba ya bondeni yamepotea machoni, na Misali inaonekana yote kwa anayeketi na kwa anayesimama.

Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko ulio magharibi ya Chake Chake, na azma yangu katika kupanga mipaka ya bustani imekuwa bahari na kisiwa vihesabike kuwa vyetu, bila ya ukuta kutangaza mahali ardhi inapokoma. Wajapani ni mabingwa wa kazi hii: katika hekalu la Entsu-ji, Kyoto, wigo uliokatwa sawasawa huficha yaliyo chini, na mashina ya miti huuleta mlima Hiei ndani ya bustani. Mimi nina minazi miwili, nayo yatosha.

Kilichonikera mno ni kimo cha wigo. Mita 4 kutoka barazani, kamba niliyoivuta kupimia kimo hicho, iliyoficha mabati kwa aliyeketi, haikumficha chochote aliyesimama. Nikiipandisha, wazee wanaokunywa kahawa walibakiwa na mbingu tu. Macho ya aliyesimama yamezidi ya aliyeketi kwa takriban sentimita 40, na paa liko mita 40 kutoka barazani, kwa hiyo wigo wa karibu ulidai vimo viwili vinavyopishana kwa sentimita 36. Kuukata ngazi ngazi hakukusaidia, wala kupanda mkadi nyuma yake. Dawa ilikuwa kuusogeza karibu na kile unachokificha: kwenye mpaka wa chini, mita 30 kutoka barazani, tofauti hushuka hadi sentimita 10, na anayeketi hapotezi ila ukanda mwembamba wa mikoko. Niliishusha kamba yenye vitambaa vyeupe kidole baada ya kidole, mama akiwa barazani akiniamrisha, “Shusha, mwanangu, shusha… basi, hapo hapo!” Vipandikizi vya mhina vilivyotiwa wakati wa vuli sasa vimefika kimo kile.

Programu ya simu ya kupimia usawa siiamini kwenye mteremko mrefu. Mpira wa maji wa waashi haudanganyi, mradi utolewe mapovu yote ya hewa. Panga nalo lisiguse mhina, kwani hupasua vijiti, na ncha zilizopasuka hukauka. Mkasi mrefu ulionolewa ndio stahiki yake.

Vitalu vya asumini, vilivyokuwa hatua inayofuata, nimeviweka kando, kwa sababu upande wa kusini waya wa miba unakata mandhari na mbuzi hawaujali. Huko Stowe, Uingereza, katika karne ya 18, mbunifu wa bustani Charles Bridgeman alitumia handaki lenye ukuta upande mmoja, ambalo mifugo hukwama chini yake na jicho hupita juu. Nimeanza kulichora langu, ukuta wa mawe na chokaa upande wetu, mteremko wa majani upande wa malisho. Linalonishughulisha sasa ni maji ya masika: handaki lisipokuwa na mwinamo wa kuyatoa bondeni, udongo uliolowa utausukuma ukuta, kwa hiyo mwinamo huo nitaupima kwanza, na sururu itangoja.